Figa la Tatu

Sufuria ilianza kuchemka kabla Mwanahalima hajawasha kuni.

"Baba Alawi," aliita kwa sauti ndogo, "njoo uone."

Hamduni, mumewe, alikuwa anawasimikia hema wageni wawili, Wazungu aliowaleta kutalii Serengeti. Alisogea, akatazama mvuke, akacheka. "Ni jua tu. Pika, watu wana njaa."

Jua gani la kuchemsha maji! Lakini Hamduni ndivyo alivyokuwa. Mafiga matatu yaliyobeba sufuria ile aliyaokota mwenyewe kwenye hame jirani na kambi, ndani ya ua wa minyaa uliobaki bila nyumba. Mkewe alimwonya palepale: "Kwetu Bunda hatuchukuagi mafiga ya mtu bila kuomba. Piga hodi kwanza." Hodi kwa nani, kwa majani? Tangu biashara zifunguliwe, mitumba ikajaa sokoni na yeye akanunua Landrova kuukuu pale mtaa wa Mukendo, Musoma, bwana huyu aliona kila mlango ni wake.

Wali ulipoiva ulinuka uji wa ulezi ulioungua. Wageni walikula hivyo hivyo. Mwanahalima ndiye aliyesikia mwanamke akiimba taratibu nyuma yake, wimbo wa kubembeleza, na mwanawe Alawi, kichanga aliyekuwa mgongoni, akicheka na mtu. Alipompa ziwa, mtoto aligeuza uso. Kinywa chake kilinuka ulezi.

"Nani kamlisha mwanangu?" alinong'ona. "Rudisha mafiga, nakuomba."

"Nyamaza, wageni watasikia."

Kesho yake, kwa ubishi tu, Hamduni aliyapakia mafiga garini wakaendelea na safari. Kila kambi Alawi alikataa ziwa, akacheua uji ambao hakuna aliyempa, na akazidi kukonda. Wageni waliposhushwa Musoma, Mwanahalima hakukubali kwenda nyumbani. Alimlazimisha mumewe wafike Butiama kwa mganga, Bi Wankyo.

Bi Wankyo alinusa kinywa cha mtoto, akarudi nyuma. "Mwenye jiko amewafuata. Anamlishaga ili awe wake. Rudisheni mafiga yote matatu palepale, mpige hodi, atamwachia. Ila msimdanganye, wanangu. Likipungua moja, pengo atalijaza kwa mtoto."

Lakini mafiga yalikuwa yamebaki mawili, na Hamduni peke yake ndiye aliyejua. Breki ya mkono ya Landrova ilikufa zamani, na kama madereva wengi wa miaka ile ya shida ya spea, akisimama mlimani aliweka jiwe nyuma ya tairi. Rejeta ilipochemka kwenye mlima mmoja njiani aliweka figa, kisha akaondoka akalisahau barabarani. Angesema pale, mkewe angelitafuta hata kwa kutambaa. Hakusema. Mwoga yule aliogopa lawama kuliko jini.

Walipofika mlima ule alisimama, eti apoze injini. Figa halikuwepo. Akaokota jiwe lingine, akalipaka oili chafu liwe jeusi, akalitia kwenye gunia pamoja na yale mawili.

Walifika kwenye hame mchana kweupe. Mwanahalima akapiga hodi, na kutoka ndani ya minyaa, mahali pasipo na ukuta wala paa wala mlango, sauti ya mwanamke ikawaitikia, "Karibuni," wakaingia, Hamduni akayapanga mafiga, la kwanza, la pili, na lile la uongo akaliweka mwisho bila kumtazama mkewe, na papo hapo harufu ya ulezi ikakatika, na Alawi akapasua kilio cha njaa, kilio cha mtoto anayemtaka mama yake.

Mwanahalima alilia kwa furaha. Alimfunga mgongoni, akakimbilia garini, na mtoto akanyamaza. Alidhani amelala.

Kwenye geti la Ndabaka, la kutokea hifadhini, mgongo ulianza kumuuma kwa uzito na joto. Akafungua kanga amnyonyeshe.

Ndani lilikuwemo figa. Lilikuwa na masizi, bado lina moto, na ubavuni lina alama ya tairi.

"Baba Alawi," alisema polepole, "ulirudisha mangapi?"

Hamduni aligeuza gari. Walilitafuta hame mpaka jua likazama, wasione minyaa wala jiko. Waliona moshi tu, mara upande huu, mara ule, na kila walipouona walimsikia Alawi akilia njaa, na kila walipofika kilio kilikuwa kimesogea mbele. Mwanahalima alimfuata kwa miguu, anamwita, na maziwa yakimchuruzika mpaka yakalowesha kanga.