Valvu ya Tatu ya Mutisya

Gitaa halikuwa limechomekwa, lakini amplifaya ilikohoa.

Mutisya, nikwambie, ndiye fundi aliyefufua redio za nusu ya mtaa wa Kamenu, hata zile panya walizokula zikabaki spika na aibu. Sasa alikuwa akimuundia Muema, mpiga gitaa wa Ruiru, amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti. Valvu mbili za mbele zingetosha kukuza sauti ya nyuzi. Lakini Muema alikuwa amemchokoza: "Yako itasikika hadi hapo mlangoni tu, fundi!" Kwa hasira Mutisya akaongeza ya tatu. Ya kwanza inakuza, ya pili inakuza kilichokuzwa, ya tatu inakuza hata kisichotakiwa kusikika.

Siku nne alihangaika. Akabadilisha valvu. Akahamisha transfoma. Akafunika waya za mbele kwa bati. Kila akipandisha geini, kile kitufe cha nguvu ya ukuzaji, anapata mngurumo, halafu pumzi, kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

"Bure! Bure kabisa!" Akatupa bisibisi.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mkewe Kaluki akichambua maharagwe, chumba kilijaa harufu ya nywele zinazoungua, na spika ikasema polepole: "Kaluki."

"Eeh?" Kaluki akaitika.

"Si mimi niliyekuita," Mutisya akanong'ona.

"Basi ni nani, Baba Dianah?"

Mutisya akapandisha geini kidogo, kwa ukaidi wa mtu aliyechoka kushindwa, na ile pumzi ikapanda nayo, ikazunguka meza, ikapita juu ya sufuria, ikasimama nyuma ya shingo ya Kaluki mpaka kitambaa chake cha kichwa kikatikisika, na hapakuwa na upepo. Mutisya akachomoa waya ukutani.

Mama Zubeida, mganga wa mtaa, alifika na ubani wake. Akaomba iwashwe, akasikiliza kidogo tu, akaomba izimwe.

"Huyo jini alikaa hapa kabla yenu. Hakuwa na sauti. Wewe umempa koo, na mkeo amemjibu. Akimwitikia mara tatu, anaenda naye."

"Nifanye nini?"

"Mnyang'anye koo! Fundi ni mimi ama ni wewe?"

Ilimuuma, lakini akang'oa valvu ya tatu, akatia rizista mbili, vile vijiti vya kubana umeme, kati ya zilizobaki ili ya pili isilishwe kupita kiasi. Akawasha. Kimya safi. Muema alipokuja akapiga nyuzi mbili, akacheka. "Wee! Hii ni maziwa, fundi!" Akaibeba hadi Ruiru, na jioni hiyo Kamenu nzima ilijua kwamba Mutisya amefukuza jini kwa rizista mbili.

Kesho yake Mutisya alikuwa upande wa pili wa ua akianika shati, Kaluki karaini akiosha vyombo, akiwa amempa mgongo.

"Baba Dianah, acha kunipulizia sikio," Kaluki akasema, akicheka. "Nimeshakuitikia hapa saa hii. Mbona unanong'ona? Sema kwa sauti!"

Shati likamponyoka; hiyo ilikuwa mara ya pili. Jini aliyenyang'anywa koo alikuwa amesogea karibu, na sasa hapakuwa na spika ya kuonyesha yuko wapi. Mutisya akakimbia, akifungua mdomo kupiga kelele, lakini Kaluki alikuwa tayari ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayeitwa mara nyingine, akitabasamu.

"Eeh?"