Kabati Lililotikisika

Kila siku akitoka shule, Karani alikuwa na mpangilio wake. Anavua sare, anafunua sufuria kuona amebakishiwa nini, analalamika kwamba ni kidogo, anakula chote, kisha anavuka ua kwenda chumba cha mbele ambacho baba yake alikuwa amekifanya studio ya picha. Karani halikuwa jina lake. Baba yake alimpachika kwa sababu ndiye aliyekaa mezani kila jioni kupokea wateja, kuwapa picha zao na, siku hizi, kuwatuliza wanapokasirika.

Na siku hizi walikuwa wanakasirika sana.

Studio yenyewe ilikuwa ndogo. Ukutani palikuwa na kitambaa cha buluu, mbele yake kiti cha kuzunguka, na kando ya mlango kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili wateja wasiondoke nacho. Jioni hiyo mama mmoja mnene aliishika picha yake kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota kitu jalalani.

"Mbona hapa nina pua mbili?" aliuliza.

"Ulitikisika, shangazi," Karani akajibu bila hata kuinua macho.

"Mimi? Nilikaa kama sanamu!"

"Kidogo tu ulitikisika. Ndiyo inavyokuwa."

Yule mama akaondoka akinung'unika kwamba pua moja aliyopewa na Mungu ilimtosha.

Jibu hilo Karani alilirithi kwa baba yake. Mwanzoni alilitamka kwa aibu. Sasa lilimtoka kama salamu. Lakini ukweli aliujua. Alikuwa akimwona baba yake akiinua kamera, na alikuwa akiiona mikono yake ikitetemeka kidogo, kama kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka. Alijua pia kwa nini siku hizi baba hujaza kikombe chake cha chai nusu tu. Mama alishawahi kumwambia aende zahanati. Baba akasema ni uchovu, akanuna hadi ikawa afadhali kuzungumzia mambo mengine.

Karani alikuwa bado anapanga bahasha za picha mlango uliposukumwa kwa kishindo. Seremala wa mtaa wa nyuma aliingia na vumbi la mbao kichwani. Alitupa picha mezani.

"Hii nini?"

"Ulitikisika, mjomba," Karani akasema.

Maneno yalikuwa yameshamtoka kabla hajaitazama picha. Seremala akainama hadi uso wake ukakaribia wa Karani.

"Mimi sipo kwenye picha hiyo, mwanangu. Hilo ni kabati. Milango mitatu, mbao nzito, tulilibeba wanaume wanne na mmoja akateguka kiuno. Sasa niambie, lilitikisika saa ngapi? Lilikuwa linacheza muziki?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Karani alitamani meza ifunguke aingie ndani yake.

Baba alitoka nyuma ya pazia akifuta mikono. "Ni mwanga, ndugu yangu. Karakana yako ina giza. Halafu lile vumbi..."

"Baba Karani, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Jumapili wenye nyumba ya wageni wanakuja kuchagua samani. Nikiwaonyesha kitu hiki wataona kabati limelewa. Nipigie upya Jumamosi. Picha zikicheza tena, naenda studio ya ng'ambo ya barabara, na harusi ya binti yangu naihamishia hukohuko."

Aliondoka. Baba alibaki ameishika ile picha, nayo ikawa inatetemeka mkononi mwake. Karani aliangalia pembeni.

Usiku, mezani, mama aliposikia habari hiyo aliacha kula. Mama alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri, na hakuwa na subira na watu wanaozungushazungusha maneno. Huko kazini alikutana nao mchana kutwa.

"Lilitikisika? Kabati?" Alianza kucheka, kisha akaacha ghafla. "Nani alimwambia mtu mzima hivyo?"

Karani aliendelea kuitazama sahani yake.

"Shida ni lenzi," baba aliingilia kati. "Imezeeka. Nikipata lenzi ya maana, hata nzi akipita namnasa."

Akiba ya lenzi ilikuwapo. Walikuwa wameidunduliza mwaka mzima ndani ya bahasha, na mama aliilinda kuliko alivyolinda funguo za ghala. "Inatosha lenzi moja, tena ya mkono wa pili," alisema. "Ukikosea utakaa na kosa lako hadi mwakani. Kesho Ijumaa naomba ruhusa kazini. Tunakwenda wote watatu."

Duka la kamera zilizotumika lilikuwa katikati ya duka la viatu na kinyozi. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Nyuma yake lenzi zilipangwa kwenye kabati la vioo, nyingine fupi kama vikombe, nyingine ndefu kama chupa za maji.

"Karibu, kaka. Unapiga nini zaidi?"

"Kila kitu," baba akajibu.

"Lenzi ya kila kitu haipo kwa mfuko wa kawaida. Kinachokusumbua hasa ni nini?"

Karani alimtazama baba yake. Mama naye alimtazama.

"Mwanga," baba akasema.

Mwenye duka akatoa lenzi fupi, nene. "Basi hii. Tundu lake linafunguka sana, inakula mwanga. Jaribu kupiga ile kalenda ukutani."

Baba akaifunga kwenye kamera yake, akainua, akabonyeza. Wote wanne waliinamia kioo kidogo cha kamera. Tarehe za kalenda zilikuwa zimeota mikia.

"Kuna mtu alinipita karibu," baba akasema.

Akapiga nyingine. Mikia ilikuwa palepale.

"Upepo huu nao."

"Upepo gani ndani ya duka?" mama aliuliza.

"Basi lenzi yenyewe mbovu."

Mwenye duka hakubishana. Aliichukua kamera, akapiga mara moja, akamwonyesha. Kila tarehe ilisomeka, hata jina la kiwanda lililoandikwa chini kwa herufi ndogo kama sisimizi.

"Umebahatisha," baba akasema.

Mama alishusha pumzi ndefu hadi kioo cha kaunta kikaingia ukungu. Aliitazama saa, akautazama mlango, akamtazama mume wake, akarudi kwenye saa. Karani naye alikuwa amechoka. Alitaka kukanyaga sakafu kwa mguu kama mtoto mdogo. Wangesimama hapo hadi lini, kila mtu akilaumiwa isipokuwa mwenye kosa? Leo ni upepo, jana lilikuwa vumbi, na jana hiyohiyo pua ya shangazi.

"Nipe ile," baba alisema, akionyesha lenzi ndefu kuliko zote. "Ile ndiyo ya wapiga picha wenyewe."

"Ile ni ya kuvuta vitu vya mbali, kaka. Inakuza kila kitu, na mtikisiko inaukuza vilevile. Bei yake nayo itamaliza bahasha yako."

"Mimi ndiye mpiga picha hapa. Nipe hiyo."

Akamnyooshea mama mkono apewe bahasha. Mama alisita, lakini hakujua mambo ya lenzi, na kazi ilikuwa ya mumewe. Taratibu akafungua mkoba.

Karani aliiona bahasha ikitoka. Akinyamaza, pesa ya mwaka mzima ingeondoka, kesho kabati lingetikisika tena, na seremala angevuka barabara na harusi yake. Akisema, angemvua baba yake nguo mbele ya mtu asiyemjua. Bahasha ilikuwa tayari imefika mkononi mwa baba, nayo ikawa inatetemeka.

"Mikono ya baba inatetemeka," alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akaendelea kabla ujasiri haujamwisha.

"Inatetemeka siku zote. Na mimi nawaambia wateja kwamba wao ndio waliotikisika. Nawadanganya. Shangazi hakutikisika. Kabati halikutikisika."

Mama yake aliichukua bahasha, akairudisha mkobani. Baba aliitazama mikono yake kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine.

Mwenye duka ndiye hakushtuka hata kidogo. Alivaa miwani. "Mngesema tangu mlipoingia, sasa hivi mngekuwa mmeshafika kwenu," alisema, akainama chini ya kaunta.

Alitoa lenzi ya wastani, imechubuka ubavuni, herufi zake zimefutika kwa kushikwashikwa. "Sura yake isiwatishe. Kioo cha mbele kizima, hakina ukungu wala mkwaruzo. Na hapa ubavuni kuna swichi. Ukiiwasha, kuna kioo ndani kinachojisogeza. Mkono ukienda huku, chenyewe kinakwenda kule, picha inatulia. Zimetengenezwa kwa sababu hakuna mkono usiotetemeka, kaka. Hata wangu. Tunazidiana tu."

"Kwa nini asinunue stendi ya kusimamishia kamera tu?" mama aliuliza. "Si ni rahisi zaidi?"

"Kabati litasubiri stendi, dada. Bibi harusi anayeingia mlangoni hasubiri. Lakini sikilizeni vizuri, msije mkanirudia na lawama. Lenzi hii inatuliza mtikisiko wa anayepiga. Haimtulizi mtoto anayekimbia. Na haifunguki sana kama ile ya kwanza, kwa hiyo penye giza ongezeni taa."

"Ijaribu bila swichi kwanza," mama alimwambia baba. "Kisha nayo."

Baba alipiga kalenda swichi ikiwa imezimwa. Mikia. Akaiwasha, akakigusa kidogo kitufe cha kupigia, na ndani ya lenzi ukasikika mvumo mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili. Akabonyeza. Karani aliikuza picha hadi mwisho. Tarehe zilisimama wima kama wanafunzi mstarini.

"Piga tena," mama akasema. "Moja inaweza kuwa bahati."

Akapiga tena, na tena, akiwa amesimama, akiwa ameinama. Nyingi zilitulia. Chache zilicheza kidogo, na mwenye duka akamwonyesha namna ya kubana viwiko mbavuni. Bei nayo haikufika hata karibu na ile ya lenzi ndefu. Mama alilipa mwenyewe, na kilichobaki akakirudisha mkobani, akafunga zipu.

Njiani baba alitangulia mbele. Karani alimfuata akiwa na lenzi kifuani kama yai.

"Umeniaibisha," baba alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Wakapita kinyozi, wakapita duka la mikate. Mwishowe baba akapunguza mwendo. "Niliogopa," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani nikisema, watu wataniambia mpiga picha wa namna hiyo aache kazi."

"Na ulipokuwa husemi, wateja walikuwa wanaiacha wao," mama akamjibu. "Jumatatu unakwenda zahanati. Na safari hii ukininunia, nuna ukiwa kwenye foleni."

Jumamosi, katika karakana, baba aliegemea nguzo, akabana viwiko, akawasha swichi. Karani alishika taa ya umeme juu ya kichwa chake mpaka mikono ikamfa ganzi. Seremala alipoona picha alizisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Loo! Hata msumari nilioupiga kombo unaonekana!" Akaguna. "Huu nao ungetikisika kidogo, jamani."

Jumapili wenye nyumba ya wageni walichagua vitanda vyote na makabati mawili. Jumatatu baba alikwenda zahanati kweli. Daktari alimpima, akamweleza kwamba haoni ugonjwa wa kutisha, akampa siku ya kurudi kuangaliwa tena. Jioni hiyo baba alijaza kikombe chake cha chai hadi juu. Kidogo kikamwagika mezani, na dunia haikuisha.

Karani alidhani mambo yamekwisha. Mama hakudhani hivyo.

"Kaa hapa," alimwambia. "Tumezunguka dukani mpaka miguu ikavimba, na lenzi tuliyoihitaji ilikuwa chini ya kaunta tangu tulipoingia. Kwa nini hatukupewa?"

"Kwa sababu hatukusema shida yetu."

"Hatukusema. Mwenye duka hawezi kukuuzia dawa ya shida uliyoificha. Daktari vilevile, na mwalimu wako wa hesabu vilevile, usidhani sijaona daftari. Hilo ni la kwanza, nalo linamhusu zaidi baba yako. La pili ni lako. Ulimpenda baba yako, najua. Lakini ulimlinda kwa kuwabebesha watu kosa lisilo lao. Baba hakupona, na watu walionewa. Siku uliyosema kweli ndiyo siku uliyomsaidia. Sasa wale wote uliowaambia wametikisika, utawaita mmoja mmoja wapigwe upya bure. Na utawaambia mwenyewe."

"Wote?"

"Unataka na kabati liitwe?"

Wa kwanza kuja alikuwa yule mama mnene. Alisimama mlangoni amekunja mikono, uso ukiwa umejiandaa kwa ugomvi.

"Shangazi," Karani alisema, na safari hii alimtazama machoni, "siku ile hukutikisika. Tulitikisika sisi. Nilikudanganya, naomba unisamehe."

Yule mama alikunjua mikono. "Nilijua mimi," alisema. "Mpaka nilianza kwenda kwenye kioo kuhesabu pua." Kisha akaketi, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. "Haya. Basi leo naweza hata kucheza, maana nasikia mmenunua lenzi ya kutuliza."

Baba aliinua kamera. Ule mvumo mwembamba ukasikika.

"Hapana, shangazi," Karani akamwambia. "Lenzi hiyo inamtuliza baba. Wewe utajituliza mwenyewe."