Jino la Tobías

"Mwana wa muuza sumu haoi kwangu."

Mzee Evaristo alisema hivyo mlangoni pake, mkono kwenye kitasa. Mimi Gastón nimevaa shati jipya, nimebeba sanduku la keki. Pembeni yangu baba yangu, Hilario mwenye bucha, kanyoa ndevu kwa haraka mpaka kajikata. Tulikuja kumposa Yamila. Mwenyewe nilimwona nyuma ya baba yake, analia wala hajifichi.

Baba alivua kofia, akaivaa tena, tukaondoka.

Nikupe kisa chenyewe, usije ukamwona Mzee Evaristo kichaa. Miaka kumi nyuma Yamila alikuwa na mdogo wake, Tobías, wa miaka sita. Mtoto alikula nyama ya kusaga ya bucha letu, siku chache baadaye akapauka, akakojoa damu, figo zikagoma, akafa. Huku kwetu Ajentina, nchi ya ng'ombe, hakuna mzazi asiyejua kwamba nyama ya kusaga isiyoiva inaweza kuwa na kijidudu kinachoua figo za watoto. Basi nani aulize swali la pili? Mji mzima wa Laguna Parda ulikula nyama ileile, na hakuna mwingine aliyeumwa hata tumbo, lakini hilo halikumshughulisha mtu. Ukuta wa bucha ukaandikwa MUUAJI kwa rangi nyekundu.

Baba aliusugua ukuta mwenyewe. Mashine ya kusagia akaitupa. Na toka siku hiyo hakuwasha tena moto wa kuchoma nyama, hata Jumapili, na kwetu mtu asiyechoma Jumapili ni kama yuko matangani. Tuna mila yetu: watu wakishashiba, mmoja anasimama na kusema, "Makofi kwa mchomaji," na meza nzima inapiga. Baba ndiye aliyekuwa anachoma kwenye harusi zote za mji. Kwa miaka kumi hakuna aliyempigia kofi hata moja.

Na mimi, katika wasichana wote wa dunia hii, nikampenda Yamila. Moyo hauna adabu.

Haukupita mwezi toka tufukuzwe, simu ikalia. Ujumbe wake.

*Mafua yameisha ila nimevimba miguu. Mkojo wangu mweusi kama kahawa. Kama wa Tobías. Gastón, naogopa.*

Kabla hata sijamaliza kuusoma, Mzee Evaristo huyo anaingia buchani.

"Umemlisha nini mwanangu?"

"Sijamlisha kitu, mzee."

"Mnaonana kwa siri. Umempa nyama."

"Yamila hajaonja nyama toka msiba. Mimi mwenyewe hanikumbatii mpaka nioge. Muulize."

Alininyooshea kidole, akaanza kunitukania ukoo. Baba akatoka nyuma ya meza ya kukatia, funguo za gari mkononi, aproni bado ina damu.

"Mtagombana njiani," alisema. "Msichana yuko wapi?"

Ndivyo muuza sumu alivyomkimbiza binti wa adui yake hospitali ya mkoa, na adui mwenyewe kakaa kiti cha mbele.

Daktari Ibarra, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, aliuliza kala nini. Mama yake Yamila, Nélida, akamwambia kwamba toka Tobías afe nyama haijavuka mlango wa jiko lake. Daktari akapimisha choo, kijidudu hakuna. Hapo hapo akaagiza Yamila asafishwe damu kwa mashine, akamwanzishia dawa ya dripu bila kusubiri, kisha akachukua damu ya wazazi wote wawili. Anataka kuzisoma jeni zao, alisema. Halafu akauliza kama kuna chochote cha mwili wa Tobías kilichobaki.

Evaristo alimjibu kwamba anapoteza muda. Sababu anaijua, imekaa pale kwenye korido, imevaa kofia.

Lakini Nélida alifungua mkoba, akatoa kijisanduku cha hereni. Kwetu mtoto aking'oka jino analiweka chini ya mto, na panya anakuja usiku kulichukua na kumwachia sarafu.

"Panya ni mimi," alisema Nélida. Ndani kulikuwa na jino moja, dogo kama punje ya mchele.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Dawa ilikuwa imeshaanza kazi, na asubuhi moja nikapokea ujumbe mtamu kuliko barua zote za mapenzi.

*Nimekojoa. Safi kama maji ya bomba. Mwambie kila mtu, hata padri.*

Nilimwambia padri. Alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya majibu daktari alituita wote, na Baba pia, maana Yamila alikataa kusikia lolote bila yeye kuwepo.

"Damu ina askari wake wa kupigana na vijidudu," daktari alieleza. "Kuna jeni inayowazuia wasiwapige wenyeji, yaani mwili wenyewe. Ya Yamila ina kasoro. Mafua yaliwaamsha askari, wakakosa wa kuwazuia, wakavamia mishipa midogo ya figo. Chembe za damu zikipita pale zinachanika. Hii dawa inawafunga mikono."

"Kasoro kaitoa wapi?" aliuliza Evaristo.

"Kwako, mzee. Wengi wanaishi nayo mpaka uzeeni na haiwagusi."

"Na jino?"

"Jino linayo pia. Kilichowaamsha askari wa Tobías sikuapii, yanaweza kuwa mafua tu. Lakini kijidudu hakuna aliyewahi kukiona, na walioila nyama ile wote wako hai. Kasoro yake alizaliwa nayo."

Mzee Evaristo alitoka nje, akakaa chini kwenye sakafu ya korido, mtu mzima na suti yake.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua."

Baba alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Mimi nilidhani atamtukana. Ningekuwa mimi ningemtukana.

"Hapana, Evaristo. Jina hilo nimelibeba mimi miaka kumi, uzito wake naujua. Sikuja kukutwisha. Ulimpa mtoto damu kama ulivyopewa na baba yako. Nani alikuuliza unataka ipi?"

Mzee Evaristo alimshika Baba shati kifuani, akalia kilio ambacho nadhani hakukilia hata makaburini.

Yamila naye aliniita kitandani kwake, kakunja uso.

"Gastón, fikiri vizuri. Kila mtoto nitakayemzaa anaweza kuipata kasoro hii, nusu kwa nusu. Na mimba yenyewe inaweza kuuamsha ugonjwa."

"Nimeshafikiri. Tobías alipougua hakuna aliyejua. Sisi tunajua."

"Dripu nitatundikiwa huenda miaka na miaka."

"Umempata muuza nyama, mama. Kutundika ndiyo kazi yangu."

Alinipiga na mto, halafu akanibusu mbele ya nesi.

Tulioana majira ya kuchipua, uani kwao Evaristo, palepale tulipofukuzwa. Alfajiri mzee mwenyewe alikuja buchani na kuni zake, akamwomba Baba achome. Baba aliwasha moto, na mbavu zile, jamani, zilitoka kama hajaacha hata siku moja. Kipande cha kwanza alikichukua Mzee Evaristo, ambaye hakuwa ameonja nyama miaka kumi. Alikitafuna muda mrefu na mji mzima ukimtazama. Kisha akasimama, glasi mkononi, akasema:

"Makofi kwa mchomaji."

Yalipigwa mpaka mbavu za awamu ya pili zikaungua, na hakuna aliyejali. Nélida aligonga sufuria kwa mwiko. Baba alisimama kwenye moshi, akavua kofia, na safari hii hakuivaa tena.