Unga Ulioshiba

"Mkwe wa mkemia ameingia chumba 412," redio ilinong'ona sikioni.

Sindano alipanda ngazi za hoteli mbili mbili, bastola ya Beretta ubavuni.

"Nimkamate, Mkuu?"

"Subiri mnunuzi apime. Tunamtaka mnunuzi."

"Akipima, mkwe anakufa."

"Najua."

Saa mbili kabla, Sindano alikuwa hospitali, kando ya kitanda cha mkemia, mama mtu mzima, vidole vitatu vimefungwa plasta. Aliyevivunja ni mume wa binti yake. Kimoja kimoja, akiutaka unga.

Unga mweupe, kila chembe ina vishimo visivyoonekana. Benzini na saikloheksani, vimiminika viwili vya viwandani, ni mapacha. Huchemka kwa joto karibu lile lile, na viwanda huhangaika kuvitenga. Unga ule ulimeza benzini na kumwacha pacha wake. Ambaye angeuteka angewafilisi washindani wake wote.

"Nilimpa chupa ya jana," mkemia alisema. "Unga wake umeshashiba benzini. Haumezi tena mpaka uchomwe ovenini utapike. Mkwe wangu kanywa chai maabara kwangu miaka sita, hakuuliza hata siku moja ile oveni ni ya nini."

"Atauawa, mama."

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu, mwanangu."

Sasa Sindano alibandika kinasa sauti mlangoni.

Ndani, mashine ya kupimia ililia.

"Mchanganyiko ni ule ule," mnunuzi alisema. "Umeniuzia chumvi, bwana?"

"Hapana, kaka! Tikisa tena!"

Ikalia tena.

"Unanifanya mtoto?"

"Nina mke, kaka! Ngoja nimpigie mama mkwe, yeye ndiye anayejua..."

Mkono wa Sindano ulikuwa kwenye kitasa. Teke moja lingetosha.

Akahesabu hadi tatu.

Puf.

Ndipo akapiga teke. Mnunuzi aligeuka, bastola ikifuka moshi. Sindano alimpiga risasi ya goti, kisha la pili.

"Mkuu, mnunuzi wako yu hai. Lete machela."

Akauruka mwili wa mkwe, akaokota chupa, akapiga simu hospitali.

"Alilia?" mkemia aliuliza.

"Alilia."

"Vizuri."

Simuni, nyuma ya mkemia, sauti ya mwanamke kijana ilisikika: "Mama, mume wangu hapokei simu. Hajapita hapa kukuona?"

Sindano alikata simu. Akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi, moja moja.