Hedifoni Zilizosingiziwa

Kila siku Evodia aliporudi kutoka shuleni, mambo yake yalikwenda kwa mpango uleule. Alivua viatu mlangoni ili asiingize ndani vumbi la mtaa wao wa Msalato, akafua soksi zake, akala ugali na mlenda alioachiwa mezani, kisha akafanya kazi za shule kwa haraka ambayo mwalimu wake asingeifurahia. Baada ya hapo aliketi mbele ya kompyuta ya kaka yake, akavaa hedifoni, na kuanzia dakika hiyo ungeweza kuliezua paa la nyumba asijue.

Kaka yake, Brighton, alisomea mambo ya kompyuta chuo kikuu. Ndiye aliyeleta nyumbani ile kompyuta pamoja na mashine ya gemu ya kuunganisha kwenye televisheni, na alimruhusu mdogo wake kucheza ili mradi masomo yatangulie. Evodia alipenda hasa gemu moja ya kuwindana. Humo mchezaji hujificha kwenye magofu na kusikiliza hatua za adui. Asiyezisikia, kwisha habari yake.

Mwanzoni Evodia alikuwa moto wa kuotea mbali. Baadaye mambo yakaanza kumgeuka, maadui wakawa wanamtokea mgongoni kama wamechomoza ardhini. Tumsifu, waliyesoma naye darasa la sita na kucheza naye kila mtu akiwa kwao, hakumwonea huruma hata kidogo.

"Yule jamaa alitembea nyuma yako muda wote," Tumsifu alimwambia shuleni. "Kweli hukumsikia?"

"Hedifoni zangu feki," Evodia akajibu.

"Mimi natumia zile ndogo za simu ya baba, na ninamsikia."

Maneno hayo yalimchoma. Jioni ile alimpelekea Brighton malalamiko. Brighton alishangaa, kwa kuwa alizichagua hedifoni zile kwa makini: zilifunika sikio zima na zilikuwa na sponji laini, ili kelele za nje zisiingie na mtu asilazimike kupandisha sauti. Hata hivyo alizirudisha dukani akachukua nyingine, kubwa zaidi, zenye mdundo mzito na taa nyekundu pembeni. Evodia alifurahi kwa wiki kadhaa, halafu akaja tena na wimbo uleule kwamba sauti ni ndogo.

Safari hii Brighton alidhani tatizo ni kompyuta yenyewe, kwa sababu sauti yake ilitoka na mchakacho. Akaleta kadi ya sauti ya nje, kisanduku kidogo kinachounganishwa kwa waya, chenye kitufe cha kuzungusha. Alimweleza mdogo wake kwamba kadi ile husafisha sauti na kuipa nguvu nyingi, kwa hiyo kitufe kisivuke nusu. Evodia aliitii amri hiyo siku ya kwanza. Siku zilizofuata alikisogeza kidogo, akakisogeza tena, mpaka kikagota mwisho. Kilipogota, akasema mbele ya mama yao kwamba kadi nayo ni feki, na kwamba Brighton kila akienda dukani anauziwa takataka. Siku nzima Brighton hakusema naye.

Yapo mambo mengine ambayo Evodia hakuyatilia maanani. Mama yake, ambaye jina lake ni Gladness na watu humwita Mama Gladness, alimwita kutoka jikoni mpaka akachoka, akaishia kumgombeza kwamba ametia pamba masikioni. Akijilaza kitandani alisikia mlio mwembamba usiokwisha, kama wa nyenze. Hakumwambia mtu. Alidhani kila binadamu anausikia.

Jumamosi moja alikuja Bibi Anyesi kutoka Kibaigwa. Huyu alikuwa mama yake Mama Gladness, na kwa miaka mingi alisaga mahindi ya watu kwenye mashine ya unga karibu na soko. Mashine ilinguruma kutwa nzima, naye amesimama ubavuni mwake, na masikio yake yaliishia hapo. Kuzungumza naye kulitaka umwinamie na upaze sauti hadi majirani wazijue habari zenu.

Bibi alimkuta Evodia na hedifoni zake kichwani, akacheka.

"Mke mwenzangu," alimwita, maana ndivyo alivyopenda kumtania, "hicho kidude ulichovaa ni cha nini?"

Evodia naye akataka kumtania. Alisimamisha gemu, akaweka wimbo wa kwaya, akamvika bibi hedifoni. Moyoni alijua kwamba bibi hatasikia chochote. Kama yeye mwenye masikio mazima aliona sauti ni ndogo, mzee huyu angesikia nini?

Uso wa bibi ukafunguka. Mabega yakaanza kucheza. Mara akadakia kiitikio kwa sauti iliyomtoa Mama Gladness jikoni na mwiko mkononi.

"Gladness, leo ndiyo mmeweka sauti," bibi akasema. "Siku zote mnaninong'oneza tu. Hapa ninasikia hadi kayamba."

Evodia akamwinamia, akapaza sauti kumuuliza kama aongeze kidogo.

"Usiguse," bibi akasema. "Imekaa sawa hivihivi."

Brighton, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, aliinuka polepole. Alimuuliza Evodia ni wapi alipokiweka kitufe cha kadi kwa ajili ya bibi. Evodia alijibu kwamba hakukigusa, kiko palepale anapochezea kila siku.

Brighton alimvua bibi hedifoni kwa upole, akajivika, na papo hapo akazing'oa kama aliyeumwa na nyuki. Mama Gladness akajaribu, naye akazitupa mezani. Mwiko ulimponyoka.

"Hii ndiyo sauti unayoisikiliza wewe?" mama akauliza. "Kila siku?"

"Lakini iko chini, mama. Iko chini kabisa."

Alipoyatamka hayo, ndipo Evodia alipoelewa alichosema. Sauti iliyomtosha bibi kiziwi, kwake ilikuwa ndogo. Akakaa sakafuni, akimtazama bibi yake aliyekuwa bado anatabasamu na kuuliza kwa nini wimbo umezimwa.

Jumatatu mama alimpeleka hospitali mjini. Njia nzima Evodia aliomba daktari aseme ni nta tu, aitoe, yaishe. Daktari Ruthu, mama mmoja mpole aliyevaa miwani, alimwangalia masikio kwa kitochi na kusema kwamba nta haipo. Kisha akamwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta nene, akamvika hedifoni za kupimia na kumpa kitufe. Kila atakaposikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, abonyeze.

Milio ya mwanzo, mizito, aliisikia akabonyeza. Kisha ikakoma. Evodia akasubiri. Kupitia kioo alimwona daktari akiendelea kugusa mashine yake na kuandika. Akasubiri tena, kidole kikiwa tayari, mpaka akachoka na kuchungulia mlangoni.

"Daktari, samahani," alisema. "Nadhani mashine yako imekufa."

Daktari Ruthu hakucheka. Alimwita Mama Gladness, akamvika zilezile hedifoni na kumwomba anyooshe mkono kila akisikia kitu. Mama alinyoosha mkono. Akaushusha, akaunyoosha tena, na tena, na tena. Halafu Evodia akaona machozi yakimtiririka mama yake. Mashine ilikuwa inalia muda wote.

Daktari aliwaeleza kwamba ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na kelele nyingi huvilaza. Vilivyochoka tu vinaweza kuinuka vikipumzishwa, lakini vilivyokufa havioti upya. Evodia asiguse hedifoni kabisa mpaka apimwe tena.

"Na siku ukizivaa, sauti iwe ya kukuwezesha kumsikia mtu anayeongea karibu yako," daktari akasema. "Kila baada ya muda zivue, uyapumzishe masikio. Hedifoni za kaka yako hazikuwa na kosa. Zile za kwanza alizichagua vizuri kabisa."

Walipofika nyumbani Evodia alimwendea Brighton. "Kaka, nisamehe. Nilikusingizia." Brighton akamshika bega, akasema na yeye alikosea, kwani alimletea kitu chenye nguvu ile bila kurudi kuangalia anakitumiaje.

Mwezi uliofuata walirudi hospitali. Sikio la kushoto lilikuwa limeamka, na ule mlio wa nyenze ulikuwa umepungua. Upande wa kulia, baadhi ya sauti nyembamba hazikurudi. Evodia aliuliza zitarudi lini.

"Hizo hazitarudi," Daktari Ruthu akamjibu. "Tunalinda zilizobaki."

Nyumbani walimkuta Bibi Anyesi, aliyekuja tena kuwatembelea, akiwasubiri sebuleni. Mama alimpazia sauti kumweleza yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akakipigapiga kiti kwa kiganja ili Evodia akae karibu.

"Mimi nilisimama kwenye mashine nikiwatafutia watoto chakula," akasema, "na hakuna aliyeniambia kwamba kelele zinakula masikio. Unajua neno lako la kwanza lilikuwa lipi?"

Evodia akatikisa kichwa.

"Lilikuwa 'bibi'. Mama yako ndiye aliyeniambia. Nilikupakata mwenyewe, nikaona midomo yako inacheza, nikadhani unataka maziwa. Mpaka leo sijui lilisikikaje."

Evodia alimtazama bibi yake kwa mshtuko. Miaka yote hiyo alimcheka kwa kuuliza jambo mara mbili, na hakuwahi kufikiri bibi alikuwa amepoteza nini.

"Hedifoni zikiharibika, kaka yako atakwenda dukani kubadilisha," bibi akaendelea. "Sikio halina duka. Wewe umeambiwa mapema, mjukuu wangu, mimi sikuambiwa. Yatunze hayo uliyobakiwa nayo."

Evodia alimwinamia, mdomo karibu kabisa na sikio lake, akaita taratibu na kwa sauti kubwa, "Bibi."

Bibi Anyesi alifumba macho kidogo. "Hilo nimelisikia," akasema.