Mpini Uliopakwa Rangi ya Viatu

Kila Jumamosi Ariane alifagia uwanja wa nyumba walimopanga chumba yeye na baba yake, mtaa wa La Rochelle, ugenini kusini mwa Afrika, kisha akamwagilia mboga kando ya ukuta. Jumamosi moja ya Septemba 2012 jiwe lilimzuia kufagia. Akachukua jembe la baba kulichokonoa, na mpini ukavunjika.

Baba yake, Révérien, hakuwa na kazi tangu Pasaka. Jumatatu angefanyiwa majaribio katika bustani moja huko Midrand, naye aliambiwa aje na jembe lake.

Kabla baba hajarudi, Ariane alikata tawi bichi la mforsadi, akalimenya ganda, akalichomeka kwenye tundu la jembe kutoka chini. Akagongelea msumari, kisha akapaka rangi ya viatu ili mpini uonekane wa zamani.

Jumapili, baada ya misa, alilitikisa. Jembe likacheza, tawi lilikuwa limeanza kukauka na kusinyaa. Akashindilia kitambaa kwenye tundu.

Jumatatu asubuhi baba aliweka jembe begani. "Niombee, mwanangu. Wakinikubali leo, tutapumua."

Ariane alimtazama akifika kwenye roboti, zile taa za barabarani, na kuinua kidole juu, ishara ya teksi za mjini. Akawaza chuma kikichomoka na kumpasua mtu kichwa. Akakimbia bila viatu.

"Baba, usipande. Jembe hilo litaua mtu."

Alieleza yote akilia. Baba akalitikisa, chuma kikaanguka kwenye lami.

"Umelitia mpini kama fagio," alisema polepole.

"Eish, Baba, mimi najua mafagio tu."

Wakarudi mbio. Jirani yao Bakiri, fundi cherehani, aliwapa mti mkavu wa mkaratusi aliokuwa akitundikia nguo. Baba akauchonga kwa panga, akaacha ncha moja nene, akaupitisha kutoka juu mpaka ule unene ukakwama kwenye tundu.

"Kwetu Burundi tunatia hivi. Kadiri unavyolima, ndivyo mpini unavyozidi kukaza."

Aliondoka amechelewa sana. Siku nzima Ariane hakusikia alichofundishwa darasani.

Jioni baba alirudi na udongo magotini.

"Mwenye bustani alinuna. Nikamweleza habari ya mpini, akanionyesha pa kuanzia. Amesema kesho nirudi."

Ariane akainamisha kichwa.

"Kuvunja mpini si kosa kubwa," baba aliendelea. "Kosa ni ile rangi. Ungeniambia Jumamosi, tungechonga pamoja bila haraka. Kitu kikiharibika mkononi mwako, sema mapema, wakati bado kinatengenezeka."

Kisha akamkabidhi kile kipande cha mti kilichobaki.

"Jumamosi utachonga mpini wa shoka. Mimi nitakaa nikikutazama."