Jiwe la Mzee Vilevile

Nyumba ya mchonga mawe haikosi vumbi. Ukifagia asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako mezani kwa kidole. Mke wa fundi alifanya hivyo hasa. Alikuwa amejiunga na darasa la watu wazima, na meza ile ilikuwa daftari lake la bure.

Mumewe alichonga maandishi kwenye mawe ya shule, ya ofisi na ya makaburi. Mkono wake ulinyooka kuliko rula. Lakini kusoma, hakujua hata herufi moja. Mteja alileta karatasi yenye maneno makubwa. Fundi aliibandika juu ya jiwe, akafuata mistari kwa patasi. Kwa miaka ishirini na mitatu aliandika nusu ya mji bila kujua ameandika nini.

Watu wakimtania, alijibu, "Kwani mpishi hula kila chungu?"

Jumatatu moja alikuwa uani, akichonga jiwe kubwa jeupe. Mkewe alipita na beseni la nguo. Akasimama. Siku hizi alikuwa hapiti herufi bila kuisalimia. Akaweka kidole, akasoma polepole:

"Wo-di hi-i ya wa-za-zi ili-jengwa na kiongozi wetu mpendwa, mtetezi wa akina mama."

Beseni likaanguka.

"Baba watoto! Umeandika nini hapa?"

"Nimeandika walichonipa."

"Umeandika uongo! Tena umeuandika vizuri, mpaka nukta umeiweka!"

Mama mzazi wa fundi alikuwa mlangoni, akichambua mchele. Alikuwa mkunga wa mtaa ule tangu ujana wake. Aliinua kichwa.

"Hebu nisomee tena, mwanangu. Labda masikio yangu nayo yanahitaji miwani."

Mkwe wake akasoma tena. Bibi akaweka ungo chini.

"Mzee Vilevile alijenga wodi?" akauliza. "Kwa mikono gani? Ile ya kupungia watu?"

Mzee Vilevile ndilo jina watu walilompa yule kiongozi. Alianza kama mwalimu wa shule, akawa mbunge, akawa waziri, kisha akaongoza nchi miaka kumi na mmoja. Mabadiliko hakuyapenda. Kila hotuba aliimalizia hivi: "Tuendelee vilevile." Hata mashimo ya barabarani yalimtii, yakaendelea vilevile. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Jumamosi ile halmashauri ya mji ilitaka kumkumbuka kwa kuweka jiwe kwenye wodi.

"Sisi wanawake tulibeba mchanga kichwani miezi minane," alisema bibi. "Tulipoiomba serikali itusaidie, yeye alikataa bungeni. Nilimsikia redioni. Alisema bibi zetu walizaa nyumbani, na sisi tupo. Nikamjibu, ingawa redio haisikii: wewe upo, je, wasiokuwepo? Mwaka ule nilifunika nyuso za wanawake watatu waliokufa wakijifungua. Mmoja alikuwa binti yangu."

Fundi alishusha patasi. "Dada," alisema kwa sauti ndogo.

"Dada yako. Na leo unampamba aliyekataa."

Fundi alilitazama jiwe kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe.

Mke hakungoja kubadili kanga. Alikwenda halmashauri na vumbi lake miguuni.

"Mama, tuwaheshimu marehemu," alisema mwenyekiti.

"Nawaheshimu wote, mheshimiwa. Hata wale watatu."

"Una ushahidi kwamba alikataa?"

"Mama mkwe wangu alimsikia redioni."

Mwenyekiti akacheka. "Maneno ya redio ni upepo. Jiwe litawekwa Jumamosi."

Mke alirudi na hasira zake. Jirani yake, mtunza maktaba, alimkuta akigombana na mlango.

"Shoga, mlango umekosa nini?"

Akaelezwa yote. Mtunza maktaba akavua miwani.

"Hasira ni moto, shoga. Ukiuacha ovyo, unachoma nyumba. Ukiuweka jikoni, unapika. Sasa sikiliza. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa. Vitabu vyake tunavyo maktaba, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuvisoma."

"Hata mimi ninayesoma kwa kidole?"

"Kidole hakikatazwi."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Walitafuta mwaka, kisha mwezi. Jirani alitaka kumsomea. Mke akakataa. Alisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka adhuhuri. Maneno yalikuwepo, yale yale: bibi zetu walizaa nyumbani, tuendelee vilevile.

"Nimekukamata!" alisema kwa nguvu. Wasomaji wengine wakageuka.

Ukurasa uliofuata ulimkera. Ulisema kwamba kiongozi huyo huyo aliwazuia wakubwa wasinyang'anye viwanja vya shule.

"Na hili nalo ni kweli?"

"Ni kweli," alisema jirani. "Kweli hatuichagui kama nyanya sokoni. Mtu apewe lake, asipewe la mwenzake."

Kisha akamweleza jinsi ya kuandika barua. Sema jambo gani si kweli. Taja ushahidi uko wapi: tarehe na ukurasa. Ambatanisha nakala yake. Sema unataka nini. Omba ujibiwe kwa maandishi. Andika barua mbili zinazofanana, moja uiache ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

"Bila muhuri," alisema, "watakuambia barua ililiwa na panya."

Wanawake waliobeba mchanga walitia sahihi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Bibi mkunga alilitazama lake.

"Hili limepokea nusu ya mtaa huu," alisema. "Wakilikataa, warudi walikotoka."

Ijumaa halmashauri ilikutana. Mwenyekiti alisoma barua, akasoma nakala, akafuta jasho.

"Tatizo jiwe limeshachongwa," alisema.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Mheshimiwa, jiwe lina mgongo. Tutaligeuza."

Sherehe ikasogezwa wiki mbili, na jibu likaja kwa maandishi. Safari hii maneno aliyaandika mke wa fundi. Bibi mwenyewe aliomba mstari wa mwisho uongezwe. Fundi hakuanza kuchonga mpaka ameonyeshwa kila herufi inasemaje. Kazi ya siku mbili ilichukua tisa, maana alikuwa anasoma.

Siku ya sherehe jiwe lilikuwa ukutani, uongo wake umegeukia saruji. Mwenyekiti alisoma kwa sauti:

"Wodi hii ilijengwa na wanawake wa mtaa huu, wakiongozwa na mkunga wao, kwa kuwakumbuka watatu waliofariki. Utepe ulikatwa na kiongozi wa nchi, kwa mkasi wa mkunga."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamgeukia bibi.

"Huu mkasi nao ni kweli?"

"Kweli kabisa. Siku Mzee Vilevile alipokuja kuifungua wodi, watu wake walisahau kuleta mkasi. Nikampa wangu wa kukatia vitovu," alisema bibi. "Na hakuurudisha."

Ndani ya wodi mtoto mchanga akalia kwa nguvu.

"Huyo naye amesoma," alisema bibi.

Jumatatu mteja alikuja na karatasi yake. "Fundi, nibandikie nina haraka."

"Iweke hapo," alisema fundi, akivuta kigoda. "Nisome kwanza."

Nyumba ile bado ina vumbi lile lile. Lakini mezani siku hizi huandikwa majina mawili.